Taa ya Oili Njiani Ushetu

Mume wangu alikuwa mtu mwenye akili. Nalisema hilo mapema kwa sababu katika habari hii hataonekana hivyo, na mimi pia sitaonekana vizuri sana.

Gari letu tulilinunua miaka ya hamsini kwa Mzungu mmoja mtafuta dhahabu kule Rwamgasa, aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Lilikuwa kuukuu, la kubebea abiria na mizigo, injini iko nyuma, na halikuwa na rejeta. Injini ilipozwa kwa upepo wa feni, basi. Mume wangu, aliyeendesha malori ya pamba miaka mingi, alilisifu mno kwa hilo: hakuna maji ya kutafuta njiani, hakuna rejeta ya kuvuja. Alilisifu mpaka nikachoka kumsikia.

Binti yetu alikuwa amefaulu kuingia shule ya bweni ya masista, upande wa Shinyanga. Barua ilisema afike Jumatatu kabla ya jioni. Asipofika, nafasi yake anapewa mwingine. Babu yake wa Ushetu, yaani baba mkwe wangu, hakuipenda barua ile. Kuna watu walikuwa wamekwisha kuja kumposa, na ng'ombe wao walikuwa wanasubiri neno lake tu. Shule aliikubali shingo upande, tena kwa sharti: nafasi ikipotea, binti anabaki kwake, anaolewa, na asitokee mtu wa kumjadili. Mume wangu aliitikia. Mimi sikuulizwa.

Tuliondoka Geita Ijumaa. Heshima ilitaka tupite Ushetu kumuaga babu. Maili chache kabla ya kufika, taa ndogo ya oili mbele ya usukani ikaanza kukonyeza, kisha ikawaka moja kwa moja, na nyuma kukanuka chuma kilichoungua. Tuliingia kwa mzee tukijikokota, na ng'ombe wake waliokuwa wakirudi zizini wakatupita.

Jumamosi asubuhi, injini ikiwa imepoa, taa ikazimika kama vile hakuna lililotokea. Tukaaga, tukaondoka. Maili ya tano ikawaka. Tukarudi. Mume wangu akachomoa kijiti cha oili: imejaa. Akafungua chujio: safi. Akaubonyeza mkanda wa feni: umekaza vizuri. Akaazima baiskeli akaenda mpaka Nyasubi kutafuta oili nzito zaidi, akarudi jua linazama. Jumapili asubuhi tukajaribu tena, na taa ikawaka maili ya sita.

"Afadhali," akasema. "Jana ilikuwa ya tano."

Nilitamani kumpiga na spana.

Kila mpita njia siku hiyo alikuwa fundi. Mmoja alisema ni plagi. Mwingine akashauri injini imwagiwe maji, nikamfukuza. Wakati wote huo baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na zizi, anatutazama, na furaha yake hakujisumbua kuificha. Binti alikalia sanduku lake la bati na hakutaka kulifungua hata kutoa nguo ya kubadili. Kila nikimtazama, hasira ilinipanda.

Mchana mume wangu akanawa mikono. Nilijua maana yake: amekata tamaa. "Pampu ya oili imekufa," akasema. "Mpaka nyingine itafutwe Mwanza."

"Kama imekufa, mbona kila asubuhi inafufuka?"

Akakichomoa tena kijiti cha oili, akakitazama.

"Baba Mkubwa Mzima," nikamwambia, jina nililomwita nikikasirika tu, "samli ikipata moto inakuwa nyepesi kama maji. Na oili hivyo hivyo. Pampu yako nzima, ila inasukuma maji. Hangaika na joto. Linatoka wapi?"

"Feni inazunguka. Isikilize inavyovuma."

Na kweli ilikuwa inavuma.

Hapo baba mkwe akacheka. Hakunisemesha mimi, maana mkwe hasemeshwi hivi hivi, alimuuliza mwanawe. "Huyu mnyama wenu, si mnasema anapozwa na upepo?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa mbona mmemziba pua?"

Tukageuka sote. Ubavuni, kwa nyuma, gari lilikuwa na matundu marefu kila upande, na juu ya matundu hayo kulikuwa na magunia. Niliyashona mimi mwenyewe, kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Kwetu kila lori la pamba lilitundikwa gunia mbele ya rejeta, nyuzi za pamba na mbegu za majani zisiizibe. Gari lenye gunia lilikuwa gari linalotunzwa. Letu halikuwa na rejeta, basi tukalitundikia pale penye matundu, na mume wangu akausifu mshono. Mwanzoni upepo ulipenya. Baada ya msimu mzima wa pamba, magunia yalikuwa yameshiba vumbi na nyuzi mpaka yamekakamaa kama ngozi iliyoanikwa. Na mafundi wote wale waliyaona wasione kitu, kwa kuwa hata malori ya kwao yalikuwa na magunia.

Niliona aibu, nikaichukua ile aibu pamoja na kisu nikayakata yote mawili. Tukaenda maili kumi na kurudi. Taa haikuwaka.

Jumatatu alfajiri tulipakia sanduku. Baba mkwe alikuja mpaka garini, akaweka mkono juu ya yale matundu, akausikia upepo unavyovutwa ndani. Uso wake ulikuwa umebadilika. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niolewe: alinigeukia, akaniita mama kwa Kisukuma, akaniambia mimi mwenyewe.

"Mayu, ningejua, ningenyamaza."

Nilipiga magoti kumuaga, kama inavyompasa mkwe. Kisha nikainuka na kuubamiza mlango wa upande wa binti kabla mzee hajafikiri neno jingine.