Joto Husomwa kwa Jasho

Msomaji wetu wa hali ya hewa huzima kiyoyozi kabla ya kukaa mbele ya maikrofoni. Mimi, fundi mitambo ninayemwona kupitia kioo, nimemlalamikia mpaka nimechoka. "Siwezi kuwasomea watu joto huku natetemeka kwa baridi, kaka," hunijibu. Kisha hupangusa shingo kwa kiganja na kupitisha kidole juu ya ramani ya ukutani, kutoka kaskazini hadi kusini, midomo ikicheza, kama mama anayehesabu wanawe kabla ya kufunga mlango.

Mwezi huu joto limepita kiasi. Jana mkuu wa kituo aliingia, akawasha kiyoyozi kwa mkono wake, akabaki amesimama pale pale. "Dada yangu, usiwatie watu hofu. Sema jua ni zuri, yaishe." Taa nyekundu ya matangazo ilipowaka, msomaji alisoma kwa sauti ile ile ya siku zote: kaskazini, visima vinatoa tope; nyanda za juu, makoti yametundikwa tangu mwezi uanze; pwani, usiku hauna tofauti na mchana.

"Hapa studioni kuna baridi," akasema, "kwa sababu mkuu wetu amewasha kiyoyozi. Ameniomba niwaambie kwamba jua ni zuri."

Mkuu akanigeukia, akanipungia mikono nikate matangazo. Nikavua miwani, nikaanza kuifuta taratibu.