Siku Niliyolia Bila Msiba

Ulikuwa mwaka ule maharage yalipoozea shambani kwa mvua, tukala ugali kwa majani ya maboga mchana na jioni mpaka mbwa naye akawa anayageuzia uso. Ndipo mjukuu wangu alipokuja Kalenga na vijana wa filamu kutoka Mbeya. Yeye ndiye mwigizaji mkuu. Mtoto yule ana kipaji, na amekitoa kwangu.

Waliigizia uani kwangu. Mjukuu alikaa mkekani, akiigiza binti aliyefiwa na mama. Machozi yakagoma.

"Usihangaike," akasema mkubwa wao. "Akili bandia italia." Akafungua kompyuta, ikalia. Sauti nzuri, imenyooka, haina kamasi.

"Huyo hajafiwa," nikasema. "Sisi tukilia tunamtaja marehemu, tunamuuliza ametuachia nani. Huyo anaimba."

"Haya, lia wewe, bibi."

Nikaweka mikono kichwani. Nikamwita dada yangu kama nilivyomwita siku tunamzika. Hata sijamaliza, jirani yangu kaingia mbio na ungo wa unga, nyuma yake wanaume na majembe. Hakuuliza kitu. Alimwona binti mkekani, akamkumbatia. "Pole, mwanangu. Pole." Mjukuu wangu akapasuka kulia, kamera inamtazama. Alilia kilio chenyewe, na kamasi zake.

Ndipo jirani akanigeukia. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni filamu."

"Filamu! Mwenzangu, nimeacha chungu motoni!"

Wanaume wakacheka, wakaondoka na majembe yao. Mkubwa wa filamu akanisogelea. "Bibi, tukurekodi. Sauti yako ikiingia humu kwenye kompyuta, italia katika filamu zetu zote, wewe unaota jua."

"Kilio changu hakiingii humo."

Baadaye mjukuu akapiga simu. "Bibi, kubali. Mkubwa wetu ananibana kila siku."

"Mjukuu wangu, nalala peke yangu nyumba hii. Nikianguka, nitawaita watu kwa kitu gani kama si kilio? Kikishazoeleka kwenye simu zao, jirani atasema, aa, filamu ile, ataendelea kusonga ugali wake. Wewe lia mwenyewe, umeshajua."

"Sasa nimwambieje?"

"Mwambie nilivyomwambia. Kilio changu hakiingii humo."