Liwa ya Adhuhuri

Niliapa hili sitalisimulia mpaka naingia kaburini, lakini kwa kuwa kisiwa kizima cha Chula wanalijua na watoto wakiniona hunikimbia kwa mzaha, bora mlisikie kwangu mwenyewe, na mkicheka chekeni taratibu.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita na kitu kinanijia bila hodi. Nimekaa zangu nachambua mchele, mara joto linaanza kifuani, linapanda shingoni, jasho linanitiririka na moyo unakwenda mbio, halafu baridi. Usingizi ukakatika, na hedhi ikawa inakuja ikipenda (mwezi huu mara mbili, kisha miezi kimya). Sikumwambia mtu. Marehemu mama yangu alipofika umri huo alikuwa akitoweka nyumbani kila adhuhuri na upepeo wake wa ukindu, watu wakasema ana pepo, na tangu hapo hakupewa tena kichanga akipakate mpaka akafa. Na Fatma, mkaza mwanangu, ndiyo kwanza amejifungua mjukuu wangu wa kwanza. Kwetu mwenye pepo haingii chumba cha mzazi kabla ya arobaini, basi nikawa nampakata yule mtoto huku naomba Mungu joto lisinishike mbele ya mama yake Fatma (mwanamke wa macho makali, hakuna kinachompita).

Siku hiyo likanishika. Nikamrudishia Fatma mtoto, nikasema naenda kuokota kuni. Kosa langu lilikuwa dogo tu: nilipita nikachukua bakuli la Fatma la liwa, ule mti wa kunukia tunaojipaka mwilini, imeshasagwa, nyeupe, baridi, nikaenda nayo kwenye lile gofu la nyumba ya kale karibu na makaburi, mahali tulipokatazwa tangu utoto kupita jua likiwa utosini. Nikavua buibui na gauni, nikabaki na kanga moja kiunoni, nikajipaka liwa yote, uso, nywele, kifua, mikono.

Mle ndani kulikuwa kimya. Bahari iko karibu, lakini haikusikika kabisa. Nikakaa juu ya jiwe katikati ya chumba najipepea kwa kawa niliyofunikia bakuli, na nikahisi upepo unanipiga kisogoni pia, taratibu, kwa kipimo. Nikaacha kujipepea. Ule wa nyuma haukuacha. Sikugeuka, nilikuwa nimeogopa, lakini nawaambia kweli, ulikuwa upepo mtamu na sikutaka ukome.

Kumbe wanawake wawili waliokuwa wakikata kuni walichungulia dirishani, wakatupa mizigo yao, wakakimbilia mjini kusema kuna jini jeupe gofuni. Mimi sikuwaona. Nilichosikia, baada ya muda, ni sauti za watu wengi wanasoma Yasini, zinakaribia. Sasa Yasini sisi tunamsomea anayekata roho na aliyekwisha kufa, makaburi yako pale pale, na mimi nimeacha kichanga nyumbani. Nikajua aliyekufa ni yeye. Nikatoka mbio vile vile nilivyo, kanga nimeipandisha nikaifunga kifuani, mweupe wa kutisha, nimenyoosha mikono, nalia, "Nipeni mtoto. Nipeni mtoto wangu."

Hebu fikirini mlikuja kufukuza jini, na jini anatoka anadai mtoto. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikimbia akaacha kiatu kimoja, na mama yake Fatma akakaa chini mchangani. Aliyebaki amesimama ni Bi Nuru, mkunga aliyekuja kutoka Kismayo kumtazama mzazi. Akanisogelea, akatazama michirizi kwenye liwa.

"Huyu mchu," akasema, yaani mtu kama sisi. "Jini hatoki jasho." Kisha kwa sauti yake ile ya zahanati, mwalimu akiwa nyuma ya mti anasikia: "Abaayo, dada yangu, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?"

Hapo nilitamani ningekuwa jini kweli.

Nyumbani nilioshwa, na Bi Nuru akaeleza mbele ya wanawake wote chumbani kwa Fatma: kwamba hedhi haikomi kwa siku moja, kwamba kabla ya kukoma mwili huyumba hata miaka, joto, usingizi, moyo kwenda mbio, sahau, hasira, na kwamba si pepo na si wazimu, ila damu ikizidi au moyo usipotulia mtu aende akapimwe. Wanawake wakainamisha vichwa. Nikaona wengine wanajifuta shingo.

"Hata hivyo mtoto asimpakate," akasema mama yake Fatma.

Mmoja wa wale wakata kuni, aliyesimama mlangoni, akauliza, "Na yule mwenzio nani?"

"Mwenzangu yupi?"

"Yule mwanamke alokaa nyuma yako akikupepea. Alikuwa na upepeo wa ukindu."

Kisogo changu kikawa baridi. Mama yake Fatma akamvuta mtoto upande wake, lakini Fatma akamchukua mikononi mwake, akaja mwenyewe akaniwekea mapajani.

"Mama," akaniambia, "basi na mama yako lilikuwa joto tu."

Nililia sana. Tangu siku ile joto likinijia nasema hadharani, hata mbele ya mwalimu, na liwa sigusi jua likiwa utosini. Gofuni nimerudi mara moja, asubuhi, na Fatma na mtoto mgongoni. Nikaweka upepeo mpya juu ya lile jiwe, nikasema, "Mama, huyu kitukuu wako," nikaondoka bila kugeuka.