Ladu Zilizotangulia Famasia

Kwa Wahindi wa Kingsbury, London, habari haiwi habari mpaka iliwe. Mtoto akizaliwa, ladu, vile vitamu vya mviringo vya unga wa dengu. Akifaulu mtihani, ladu. Duka likifunguliwa, ladu tena. Na ukishakula ladu ya mtu umeshuhudia, jambo limekwisha, halirudi nyuma. Ndiyo maana jioni ile Pramila aliporudi kutoka kazini na kumkuta mama yake amejaa unga wa dengu mpaka kwenye viwiko, moyo ulimshuka.

Pramila alizaliwa Tororo, nyuma ya duka la baba yake la misumari na vitenge. Alikuwa amesoma sayansi mwaka mmoja chuoni Kampala, na tangu utotoni alijua anachokitaka: famasia. Si udaktari, maana damu ilimtia kizunguzungu. Yeye alitaka koti jeupe, kaunta safi, na kujua kwa nini kidonge kinatuliza kichwa. Kisha ikatoka ile amri ya mwaka 1972, Wahindi wafungashe watoke Uganda, na familia ikajikuta Uingereza, kwanza kwenye kambi ya zamani ya jeshi yenye baridi ya kukata masikio, halafu kwenye nyumba ya kupanga hapo Kingsbury. Baba yake, Mzee Jamnadas, aliyezoea kuitwa bosi, akawa anapakia biskuti kiwandani. Pramila akapata kazi ya kupanga majalada ofisini, huku akiomba chuo cha kuhamia.

Vyuo viwili vilimkubali, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Cha kwanza kilikuwa chuo kikuu chenye minara na jina kubwa. Kilikuwa tayari kumpokea mwaka wa pili wa sayansi, na mwaka wake wa Kampala uhesabiwe. Famasia? Hiyo ingetazamwa baadaye, kwa kutegemea alama na nafasi. Cha pili kilikuwa politekniki moja ambayo hata Waingereza jirani hawakuijua iko wapi. Huko angeanza upya mwaka wa kwanza, kana kwamba Kampala hajawahi kuingia darasani, lakini angesoma famasia tangu siku ya kwanza.

Mzee Jamnadas alisikia jina la chuo chenye minara, na baada ya hapo masikio yake yakafunga duka.

"Ba, hawajanipa famasia!" Pramila alimwambia mama yake, Ba kwa lugha yao. "Wamenipa sayansi. Famasia ni labda."

"Labda ya chuo kile ni ndiyo ya kwingine," alijibu mama bila kuinua macho kwenye sufuria. "Nipitishie iliki."

Ladu zikagawiwa barabara nzima ya Kingsbury. Zikapanda treni mpaka Tooting kwa mama mdogo, ambaye naye akazigawa kwa majirani zake. Kabla wiki haijaisha, Pramila alikuwa mfamasia kamili. Sadrudin, Mhindi wa Kisumu mwenye duka la mchele na maneno, alimwita mbele ya wateja: "Daktari wa dawa, huu mgongo wangu niupake nini?" Bibi mmoja alimtolea ulimi auangalie. Na Pramila, tusimsingizie, alifurahi. Baada ya mwaka mzima wa kuitwa mkimbizi, nani asingefurahi kuitwa daktari? Lakini kila alipopongezwa alikumbuka ile labda. Alikuwa anapongezwa kwa kitu ambacho hakuwa nacho.

Aliyegundua hilo alikuwa Jokha, muuguzi wa Kizanzibari aliyepanga chumba cha juu. Yeye alikuwa amekimbia kwao miaka minane kabla yao, na kwa ajili hiyo alijihesabu mwenyeji wa London.

"Bibie, uso huo vipi? Umekula ladu au umekula shubiri?"

Pramila akamweleza yote. Jokha alisikiliza huku akipiga pasi yunifomu yake.

"Wazee wetu wanasema kenda shika si kumi nenda uje," alisema. "Lakini usinisikilize mie. Nenda ukawaone wenyewe. Siku hizi hata mume hachaguliwi kwa picha."

Basi Pramila akaomba ruhusa kazini, akaenda. Kwenye chuo cha minara alipokewa na bwana mpole sana, akapewa chai na biskuti. Alimwuliza: wanaohamia hapa kama mimi, wangapi huingia famasia? Yule bwana akasema inategemea. Inategemea nini? Mambo mengi, binti. Hali ya hewa yao na majibu yao ni ndugu wa tumbo moja, aliwaza Pramila, akaaga kwa adabu.

Kwenye kantini ya hapo alimsikia kijana mmoja akinung'unika kwa Kiswahili baada ya kumwaga supu. Aliitwa Njoroge, wa Nyeri, naye alikuwa amehamia pale kutoka Nairobi. Pramila akamwuliza anasoma nini.

"Nilikuja na famasia kichwani," Njoroge alisema. "Mwisho wa mwaka nafasi zikajaa. Sasa mimi ni mtu wa udongo. Sayansi ya udongo."

"Na nyumbani wanajua?"

"Mama anajua. Mzee bado anawaambia watu narudi kufungua duka la dawa. Ameshachagua rangi ya mlango!"

Walicheka mpaka watu wakageuka. "Lakini usiseme nimekukataza," Njoroge aliongeza. "Mwenzangu mmoja aliingia. Mimi udongo nimeuzoea, hata naupenda." Pramila alimwamini. Tatizo ni kwamba yeye hakuupenda udongo, na ndani ya kicheko chake alikuwa ameingiwa na hofu ya kweli.

Politekniki ilinuka kabichi, na lifti ilikuwa mbovu. Mwalimu, mama mnene mwenye nywele zilizotimka, hakuwa na chai ya kumpa. Alimkabidhi mchi na kinu kidogo cheupe, akamwambia asage unga fulani mpaka uwe laini. Pramila akasaga huku akiuliza swali lake lile lile. Yule mama hakulielewa.

"Wangapi huingia famasia? Wote. Si ndilo somo lenyewe?"

Alirudi nyumbani akitabasamu peke yake ndani ya treni. Tabasamu lilimwisha mlangoni.

"Politekniki?" Mzee Jamnadas alisimama. "Na ladu za watu? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, Pramila! Na mwaka wa Kampala utautupa jalalani?"

"Mwaka huo unaniuma, Bapuji. Lakini nikikosa famasia kule nitapoteza zaidi ya mwaka."

"Jina lile! Unajua maana ya jina lile?" Akaketi kitini. "Duka walichukua. Nyumba walichukua. Hata redio, askari aliipakata pale kwenye kizuizi cha barabarani kama mtoto wake. Nilitaka tuwe na kitu kimoja kikubwa, mtu asitudharau."

Pramila alimpenda baba yake sana wakati ule, kuliko alivyowahi kumwambia. Alipiga magoti mbele ya kiti chake.

"Jina ni la chuo, Bapuji. Wakitufukuza na hapa, jina litabaki na minara yake. Famasia nitaondoka nayo. Hakuna askari atakayeikuta mfukoni."

Mama aliacha kupepeta mchele. Juu ya ngazi Jokha, aliyekuwa akijifanya anatafuta kiatu, alitulia tuli. Mzee Jamnadas akainuka, akavaa koti.

"Njoo," alisema.

Wakaenda mpaka kwa Sadrudin. Duka lilikuwa limejaa, kama kawaida ya Jumamosi.

"Jamnabhai! Chuo kikuu kinafunguliwa lini?"

"Haendi kule. Ladu tuligawa mapema, kosa langu. Kule walimpa labda. Anakwenda politekniki, anaanza mwaka wa kwanza, anasoma famasia."

Wateja wote wakageuka. Pramila alitamani sakafu immeze.

"Politekniki?" aliuliza Sadrudin, na nyusi zake zikapanda.

"Politekniki," alirudia Mzee Jamnadas, kwa sauti aliyoitumia Tororo kutaja bei asiyotaka ibishaniwe. Akamshika binti yake bega, akamsogeza mbele ya watu. "Mwenye swali amwulize yeye. Yeye ndiye anayejua anakokwenda."

Pramila alifungua kinywa ajibu, machozi yakamwahi, akabaki anacheka na kulia pamoja mbele ya magunia ya mchele.