Mapigo ya Upande wa Kushoto

Kaka yangu alirudi kutoka Ujerumani na shahada ya uhifadhi wa samaki na begi refu lililobeba panga mbili butu za chuma na vinyago viwili vya wavu wa kukinga uso. Huko alikuwa amejiunga na watu wanaofufua mapigano ya upanga ya Ulaya ya kale, wakifuata michoro ya walimu wa zamani wa mchezo huo. Alipopata kazi Homa Bay hakuwa na mtu wa kucheza naye. Mimi nilikuwa na saluni hapo mjini, na siku moja isiyo na wateja nilikubali kushika upanga ili aache kunisumbua. Nikaupenda.

Tukaanza kualikwa kwenye harambee na michezo ya shule. Watu walikuja kumcheka mwanamke aliyevaa koti nene kama godoro, kisha wakanyamaza. Kaka aliwaeleza polepole. Ukiinua upanga kando ya kichwa, ncha ikitazama mbele, umesimama mkao wa Fahali. Ukiushika kiunoni, ncha ikielekea uso wa mwenzako, hiyo ni Plau. Wajerumani wenyewe ndio waliotoa majina hayo, na watu wanaolima kwa ng'ombe hawakuhitaji maelezo zaidi.

Pambano la maonyesho hupangwa. Kila pigo tulikuwa tumelikubali nyumbani, ila kasi ni ya kweli na chuma ni chuma. Unapiga ukijua mwenzako atakinga.

Tulicheza Ndhiwa Jumapili alasiri, kwa kuwa nusu ya wazazi ni Wasabato na Jumamosi huwa kanisani. Tulianza vizuri. Halafu likafika pigo langu la kushoto kwake, la kichwa. Alitakiwa kuinua mikono. Hakuinua. Nilipotambua, upanga ulikuwa tayari njiani. Niliuvuta kidogo tu, ukampiga juu ya sikio kwa mlio wa sufuria inayoanguka sakafuni. Akayumba. Watu wakashangilia.

"Endelea," akasema ndani ya kinyago.

Nikaendelea, kwa sababu sikujua namna ya kusimama mbele ya watu wale wote. Pigo lililofuata la kushoto nililipunguza kasi, naye akageuza kichwa kizima, kama kuku anavyokutazama kwa jicho moja.

Tulipoingia kwenye hema nilimpa maji. "Omera, ndugu yangu, hukuliona lile pigo?"

"Jua lilikuwa machoni."

"Jua lilikuwa mgongoni kwako."

Akanywa maji yote kabla ya kunijibu. "Ule mlango wa ofisini," akasema, "nimekuwa nikiugonga kwa bega la kushoto tangu mvua zianze."

"Na hukuniambia?"

"Ungekataa kucheza."

Daktari wa macho alikuwa mama mpole. Alisema ni presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha karibu lote, na la kulia lilikuwa limeanza kuguswa. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki; kilichopotea hakirudi. Nikauliza kuhusu upasuaji. Nao, akasema, hulinda kilichobaki tu. Nikauliza tena kwa maneno mengine, naye akanijibu kwa maneno yale yale, bila kukasirika. Kaka alikuwa kando yangu akitazama chati ya herufi ukutani.

Nilidhani tumemaliza na panga. Lakini alikuwa ameahidi onyesho moja Migori.

"Mapigo yote yaje kulia kwangu," akaniambia. "Hakuna atakayejua. Na wewe usimwambie mtu."

Mama, ambaye nilikuwa nimeshamwambia habari za macho, alinipigia simu kutoka nyumbani Rodi Kopany. "Wewe ndiye uko naye huko. Mzuie."

"Nimzuie vipi, Mama? Ni mtu mzima."

"Mzuie tu," akasema, akaanza kulia.

Tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba kila jioni baada ya kazi. Nilitamani achoke. Hakuchoka. Alijifunza upya kila hatua, na mimi nikamsaidia, kwa sababu kama angecheza, afadhali acheze nami kuliko mtu asiyejua.

Migori hatukukosea hata mara moja. Watu hawakuona kitu. Mimi nilikuwa namwona nyuma ya ule wavu, akingoja chuma changu kijitokeze pale anapoweza kukiona.

Tulipomaliza watu wakatuzunguka. Kaka alikuwa akiongea na walimu upande wake wa kulia. Mzee mmoja Mkuria aliyevaa koti la suti alifika kushoto kwake akanyoosha mkono kumpongeza. Akangoja. Mkono ulibaki hewani muda mrefu, watu wakitazama, kisha akaushusha.

"Huyu ndugu yako amejifunza mambo ya wazungu akasahau salamu," akaniambia.

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. "Utusamehe, mzee. Amechoka tu."

"Amechoka na nini, kijana kama huyo?" Akaondoka taratibu akiegemea fimbo yake.

Kaka aligeuza kichwa kizima kunitafuta. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mtu tu," nikasema. "Alikuwa anapita."