Mahindi Yaliyopigwa na Baridi

Jana nilikuwa kwenye ofisi ya kijiji kimoja huku milimani Tarime. Mwenyekiti alikuwa akimweleza bwana shamba kwamba baridi ya wiki iliyopita iligeuza mahindi ya shamba la ujamaa kuwa ya njano, nao juzi wakayang'oa yote.

"Yalikuwa yamekufa, ndugu."

Bwana shamba alitoka nje, akaokota mche mmoja kwenye rundo la mahindi yaliyong'olewa, akaupasua kwa ukucha. Ndani, kiini kilikuwa kibichi.

"Huu ulikuwa hai. Baridi kali huzuia jani kujitengenezea chakula, hata jua likiwaka. Joto likirudi, mmea hutoa jani jipya, taratibu. Mngesubiri tu."

Bwana shamba akarudi ndani na ule mche mkononi, akauliza:

"Na yale ya majumbani?"

Mama mmoja aliyeketi kwenye benchi akatazama sakafu.

"Yale yameanza kurudi kijani, mwanangu. Hatukupata nafasi ya kuyang'oa. Kila siku tulikuwa tunaitwa shamba la ujamaa."

Mwenyekiti akakohoa.

Tumezoea kusikia kwamba shamba la wote hufa kwa uvivu. Hili limekufa kwa bidii, tena siku ya kung'oa hakuna aliyekosa kazini.