Picha ya Kifua

Mkaguzi wa shule aliingia darasani kwangu bila taarifa, akaketi dawati la nyuma, Mzungu mrefu ambaye magoti yalimfika karibu na kidevu. Nilikuwa nafundisha Kiingereza katika shule ya serikali nje kidogo ya mji wa Iringa. Siku hiyo nilikuwa nimeshika kijikaratasi mbele ya midomo, nikiwaonyesha vijana kwamba herufi p ya Kiingereza hutoka na pumzi: ukiitamka sawasawa, karatasi hutikisika. Walijaribu mmoja mmoja, karatasi ile ile, wakichekana.

Kipindi kilipokwisha mkaguzi aliniuliza, "Hili nani amekufundisha?"

"Hakuna, bwana. Kiingereza kilinitesa miaka mingi. Nakumbuka kila mahali niliponasa."

Baada ya wiki mbili akaniletea fomu. Kilikuwa chuo cha Uingereza, masomo ya mwaka mmoja kwa walimu wenye diploma, ya kufundisha Kiingereza kwa watu wasiozaliwa nacho. Diploma nilikuwa nayo, niliipata Uganda. Katika jimbo letu tulikuwa wachache mno.

Mke wangu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mimi Mhehe. Nyumbani kila mmoja aliweka lugha ya kwao kando, tukakutana kwenye Kiswahili, na kila mmoja alikivunja kwa namna yake. Aliyezaliwa nacho ni binti yetu peke yake. Alikuwa na miaka minne na alitusahihisha bila huruma. Insha ya fomu niliiandika mara tatu kwa sababu ya matone ya wino, mtoto akiwa amenilalia kifuani. Nilikuwa nakohoa. Sikujali, walimu wote hukohoa, vumbi la chaki.

"Mwaka mzima, baba?" mke wangu aliniuliza.

"Mwaka si mwingi, mama."

"Kwa anayeondoka," alisema, akaendelea kupepeta mchele.

Niliitwa Mbeya kwenye usaili. Basi liliposimama Chimala wenzangu walishuka kula wali, mimi nilibaki kitini nikirudia majibu. Wasaili walikuwa watatu, Wazungu wote. Mmoja akauliza: mwanafunzi wa Kihehe asiyetofautisha r na l, utamfanyaje?

"Simwambii amekosea," nilijibu. "Namsikilizisha kwanza. Sikio lisipojua, ulimi utajulia wapi?"

Waliandika. Kisha kikohozi kikanishika, kikakataa kuniachia, mpaka mama mmoja wa Kizungu akanisogezea bilauri ya maji. Niliomba radhi. Niliporudi Iringa nilikuwa na hakika nimeshindwa, lakini mwezi uliofuata barua ikaja: nimekubaliwa, ila nilete cheti cha daktari pamoja na picha ya kifua.

Nilirudi Mbeya hospitalini nikiwa na suti niliyoshonesha kwa fundi wa Kihindi kwa ajili ya safari. Daktari aliiinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Unakohoa tangu lini, Mwalimu?"

"Ni chaki, daktari."

"Chaki haitoboi pafu." Akaniwekea kidole chini ya mtulinga. "Hapa pana tundu. Ni kifua kikuu. Una watoto?"

"Mmoja."

"Aletwe."

Sikutoka tena siku ile. Nililazwa katika wadi ya mwisho, nyuma ya uzio, nikavuliwa suti, nikaanza sindano za kila siku. Mke wangu alifika na mtoto baada ya wiki moja. Yeye mwenyewe alikutwa mzima. Mtoto alikuwa na homa tangu nyumbani, na huko alipewa dawa ya malaria. Shingo yake ilikuwa imekakamaa. Walimlaza wadi ya watoto, ng'ambo ya uwanja, nami nilikatazwa kuvuka.

Kila mchana mke wangu alikuja kwenye uzio kunipa habari. Amekunywa uji. Leo hakunywa. Leo hanijui. Siku ya tisa alikuja asubuhi, akashika waya kwa mikono miwili, akanieleza kwa Kinyakyusa. Hakuwa ameongea nami lugha hiyo hata siku moja. Nilikuwa najua kidogo tu, na hicho kidogo kilitosha.

Ndugu zake walikuja na lori kumchukua marehemu wakamzike Tukuyu. Daktari alinikataza nisiende. Nilisimama kwenye uzio hadi lori likakata kona.

Daktari alipopita nikamuuliza, "Nimemuua mimi?"

"Ugonjwa ndio umemuua."

"Aliupata wapi?"

Aliangalia karatasi zake, akahamia kitanda cha pili.

Shuleni walipimwa wanafunzi wangu wote. Wawili walikutwa nao, walitibiwa, wakapona. Nilipoambiwa, nilifikiria ile karatasi iliyopita kwenye midomo ya darasa zima, nikageukia ukutani.

Mkaguzi alikuja kuniona. Alikaa mbali kidogo, kofia mapajani, akasema nafasi yangu amepewa mwalimu mwingine wa jimbo letu. "Ukipona utaomba tena." Nilimshukuru.

Nilitoka baada ya mwaka na miezi kadhaa. Nilipangiwa kupanga vitabu kwenye stoo ya ofisi ya elimu, Iringa, mbali na watoto wa watu. Mke wangu alikuwa kwao. Siku moja nilimkuta amekaa kizingitini na kikapu chake. Nilisema, "Kamwene," salamu ya kwetu, naye akaitikia. Sikumuuliza kwa nini amerudi.

Mkaguzi alitimiza neno lake, akaniletea fomu nyingine. Niliijaza polepole hadi nilipofika sehemu moja, kalamu ikasimama.

"Mama, hapa wanauliza idadi ya watoto."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Andika mmoja."

"Labda wanataka walio hai."

"Wameandika walio hai?"

"Hawakuandika."

"Basi, andika mmoja."

Niliandika. Picha mpya ilionyesha kovu tu, lakini jibu lilisema chuo hakiwezi kumpokea mtu mwenye kovu kama lile. Mwaka uliofuata nilirudishwa darasani. Yule mwenzangu aliyekwenda badala yangu alirudi na cheti chake, na siku moja akaja kunikagua, akaketi nyuma, akaandika kwenye daftari. Baadaye alinionyesha namna bora ya kufundisha r na l, waliyofundishwa kule. Ilikuwa bora kweli. Niliinakili, nikaanza kuitumia Jumatatu.